Kutoka Kilimani Hadi Waiyaki Way: Muuzaji wa Programu Anahama na Nini?

Machi 2010, jumba la Bishop Magua kando ya Barabara ya Ngong lilipata mpangaji ambaye baadaye alivutia macho ya watu wengi duniani: iHub, ukumbi wa wabunifu wa teknolojia ulioanzishwa na Erik Hersman na wenzake wa shirika la teknolojia la Ushahidi. Mgeni aliyekwenda huko mara ya kwanza alielekezwa kwa jina la jirani: shuka mkabala na Uchumi Hyper. Upande mmoja wa barabara walikuwa vijana wenye kompyuta za mkononi na bidhaa zisizojulikana na mtu. Upande wa pili lilikuwa duka kuu la kampuni iliyoanzishwa 1975, kampuni ambayo hata mtoto wa shule aliijua. Mzazi akiulizwa siku hiyo mwanawe atafute kazi upande upi, asingefikiri mara mbili. Lakini Uchumi ilikuwa imekwisha kuanguka mara moja, mnamo 2006, ikawekwa chini ya wasimamizi wa madeni, na katikati ya mwongo uliofuata rafu zake zikaanza tena kubaki tupu na matawi yakafungwa moja baada ya jingine. Nakumatt nayo, iliyokuwa na maduka Prestige na Junction kwenye barabara iyo hiyo, wadai wake walipiga kura Januari 2020 ifilisiwe.

Naanzia hapo kwa sababu vijana wanaouza programu za kompyuta katika kampuni changa za Nairobi hupewa ushauri mmoja tu: ukipata nafasi kwenye kampuni kubwa, nenda ukatulie. Wengi wanaufuata, na sisemi wasiufuate. Ninachopinga ni namna hatua hiyo inavyoelezwa, kana kwamba kazi inabaki ile ile na kinachobadilika ni mshahara na urefu wa jengo. Muuzaji anayetoka kampuni changa kwenda kampuni kongwe anaacha ufundi mmoja na kuanza mwingine. Asiyelijua hilo huteseka mwaka mzima akijiona hafai, na mwajiri asiyelijua hulipa pesa nyingi kununua ujuzi ambao kisha anaufungia kabatini.

Tuutazame ufundi wa kwanza mahali unapofanyikia. Eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, lililopatikana Dagoretti ya zamani ilipogawanywa kwa ajili ya uchaguzi wa 2013, lina Kilimani na Kileleshwa zenye majengo ya vioo, na lina pia Gatina, Kabiro na Kawangware. Programu ya kuhesabu bidhaa dukani inaweza kuandikwa Kilimani asubuhi na kujaribiwa kwenye duka la dawa la Kawangware jioni ya siku hiyo. Muuzaji anayeteremka nayo hana jina la kampuni la kumtangulia. Mwenye duka ndiye mkurugenzi, ndiye mhasibu, na ndiye atakayetoa pesa, kwa hiyo uamuzi wote uko mbele ya muuzaji, umesimama nyuma ya kaunta. Maswali yake ni makali kuliko ya mtihani wowote: simu ikiibwa itakuwaje, kijana wangu wa dukani akifuta mauzo nitajuaje, na kwa nini nilipe kila mwezi kwa kitu ambacho daftari langu linafanya bure? Tangu Januari 2024, Mamlaka ya Mapato (KRA) ilipoacha kutambua gharama zisizo na ankara ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, katika hesabu ya kodi, maswali hayo yaliongezeka, na muuzaji akajikuta akishindana pia na zana za bure za serikali yenyewe.

Kazi ya muuzaji huyu ni kurudi ofisini na sababu za kukataliwa. Mhandisi ameketi meza ya pili, anasikia, na wiki inayofuata kitufe kilichomtatiza mwenye duka kimehamishwa. Kwa maneno mengine, muuzaji wa kampuni changa anashiriki kuiunda bidhaa anayoiuza. Pia ndiye dhamana yake. Mfumo ukikwama Jumamosi jioni, wakati wa mauzo makubwa, mwenye duka hampigii kampuni simu, anampigia yeye. Imani aliyoinunua mteja ni imani kwa mtu aliyekuja na kurudi. Hili ni jambo la thamani sana, na pia ni udhaifu mkubwa wa kampuni nyingi changa, kama nitakavyoeleza mbele.

Mfano ulio wazi kuliko yote nchini kwetu ni wa malipo ya dukani. M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007, na sifa yake ilikuwa kutumiana pesa mtu kwa mtu. Miaka mitano baadaye wafanyabiashara wadogo wengi walikuwa bado hawana njia rahisi ya kupokea malipo ya wateja na kuyaweka katika hesabu za biashara. Kampuni changa ya Kopo Kopo ikaingia hapo, ikawasajili wenye maduka na hoteli wapokee malipo kwa namba ya till na kuona miamala yao kwenye mfumo mmoja. Wauzaji wake walikuwa na kazi ya kumweleza mfanyabiashara kwa nini akatwe ada kwenye pesa zinazoingia, ilhali mteja akilipa noti hakatwi kitu. Juni 2013 Safaricom yenyewe ikazindua Lipa na M-Pesa, ikaisukuma kwa jina lake, matangazo yake na watu wake wa nyanjani. Kopo Kopo haikufa. Iligeukia pia kuwapa wafanyabiashara mikopo kwa kutazama mauzo yao. Leo namba za till zimebandikwa hadi kwenye vibanda vya mboga. Bidhaa ilikuwa karibu ile ile na mwenye duka alikuwa yule yule, lakini wauzaji wa pande hizi mbili walifanya kazi tofauti kabisa. Wa kwanza alitakiwa ajue mfanyabiashara anakataa nini na kwa nini. Wa pili alitakiwa awafikie wote kabla ya mwaka wa hesabu kuisha, kwa maneno yaliyokwisha kupimwa na bei iliyokwisha kupangwa na watu wengine.

Na huo mwaka wa hesabu si jambo dogo. Katika kampuni changa muuzaji anahesabu wiki, kwa sababu mshahara wa mwezi ujao unategemea nani atalipa mwezi huu. Katika kampuni kongwe kalenda inatawala kila kitu. Safaricom hufunga hesabu zake tarehe 31 Machi, Oracle tarehe 31 Mei, Microsoft tarehe 30 Juni, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya. Benki nyingi zinafuata Januari hadi Desemba. Muuzaji anayezungukia wizara na mashirika ya umma lazima aanze mazungumzo miezi mingi kabla, wakati bajeti bado inaandikwa, na avumilie Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 pamoja na zabuni, hati za kodi, kamati za tathmini na rufaa za washindani walioshindwa. Anayeuza kwa benki ya Upper Hill atakutana na mkuu wa teknolojia anayeitaka bidhaa, mkuu wa usalama wa mifumo anayeitilia shaka, idara ya ununuzi inayotaka bei ishuke, wakili anayeandika upya mkataba, na mkurugenzi wa fedha ambaye hajawahi kuiona bidhaa hiyo wala hana mpango wa kuiona. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kusema ndiyo peke yake, lakini karibu kila mmoja anaweza kusema hapana.

Zaidi ya hayo, muuzaji wa kampuni kubwa za kimataifa mara nyingi hamuuzii mteja moja kwa moja. Microsoft, Oracle na SAP zinategemea sana washirika wa hapa nchini wanaouza leseni na kuufunga mfumo. Basi sehemu ya siku yake inakwenda kuwashawishi wauzaji wa kampuni nyingine, na nyingine inakwenda ndani ya kampuni yake mwenyewe. Anaomba kibali cha kupunguza bei, anamtafuta mtaalamu wa kuonyesha mfumo, anajaza kwenye mfumo wa mauzo kila simu aliyopiga ili mkubwa aliye Johannesburg au Dubai aone makadirio ya robo mwaka. Aliyezoea kuahidi mteja kwamba kitu fulani kitaongezwa wiki ijayo anagundua kwamba hapa ahadi ya aina hiyo ni kosa, pengine kosa la kisheria. Aliyesifiwa kwa kukamilisha mauzo kwa siku mbili anaambiwa asubiri kamati ya mwezi ujao. Sifa zilizompa kazi zinaanza kuonekana kama utovu wa nidhamu. Naamini hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo, wakidhani wameishiwa uwezo, ilhali ni wanafunzi wa kazi mpya ambao hakuna aliyewaambia kwamba ni wanafunzi.

Wapo watakaosema ninakuza jambo. Mauzo ni mauzo, watasema: kumsikiliza mtu, kujua shida yake, kumwomba pesa. Kuna ukweli humo, na ndiyo sababu baadhi ya wanaohama hufanikiwa sana. Lakini ukitazama wanaofanikiwa, ni wale wanaokubali kwanza kwamba mteja wao amebadilika kutoka mtu mmoja hadi taasisi, kisha wakatumia masikio yale yale kuisoma taasisi hiyo: nani anaogopa nini, bajeti inalala wapi, mfumo wa zamani uliletwa na nani ambaye bado yuko ofisini na hataki uonekane umeshindwa. Anayeshikilia kwamba mauzo ni yale yale huendelea kumtafuta mwenye duka ndani ya benki, na mwenye duka huyo hayupo.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, na halifai kujibiwa kwa wepesi. Miaka ya karibuni imekuwa migumu kwa kampuni changa za Nairobi. Riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa karibu sifuri mwanzoni mwa 2022 na kufikia katikati ya 2023 ilikuwa imepita asilimia 5, na mwekezaji anayepata faida hiyo akiwa amekaa kwake hana haraka ya kupeleka fedha Kilimani. Kampuni ya usafirishaji ya Sendy, iliyokuwa imevutia fedha za Toyota Tsusho, ilifunga shughuli zake Agosti 2023. MarketForce ilianza 2018 kwa kuuza programu ya kusimamia wauzaji wa nyanjani, ikachangisha dola milioni 40 mwanzoni mwa 2022 na kuingia kwa nguvu katika kusambaza bidhaa madukani, biashara yenye faida nyembamba mno, na mnamo 2024 ikalifunga jukwaa lake la RejaReja. Mei 2024 Copia, kampuni ya biashara ya mtandaoni, ikawekwa chini ya wasimamizi, na wafanyakazi zaidi ya 1,000 wakapewa notisi. Aliyeyashuhudia hayo kisha akaenda kutafuta kazi benki hawezi kulaumiwa na mtu.

Lakini kampuni kubwa nazo hufunga milango, tena kwa uamuzi unaofanywa mbali. Mwaka 2016 Standard Chartered ilitangaza kuhamishia Chennai, India, kazi za kituo chake cha huduma cha Nairobi, na nafasi takriban 300 zikaguswa. Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi cha Afrika mwaka 2019, Nairobi na Lagos kwa pamoja. Mei 2024 upande wa Lagos ukafungwa na wa Nairobi ukabaki. Wahandisi wa Lagos hawakuwa wamefanya kazi mbaya kuliko wa Nairobi. Tofauti ya kweli iko kwenye namna mtu anavyoanguka. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kampuni kubwa inaweza kulipa hayo na mara nyingi hulipa zaidi. Kampuni changa iliyokauka inadaiwa yale yale, lakini mfanyakazi anajikuta kwenye foleni ya wadai, na kipaumbele alichopewa na sheria ya ufilisi ya 2015 kina kikomo. Kwa hiyo ndiyo, kuna kinga, na ni kinga ya thamani. Kinachotakiwa ni kuihesabu kwa jinsi ilivyo, yaani malipo ya kuondokea na muda wa kupumua, wala si ahadi ya kazi ya milele.

Tena muuzaji ana kitu ambacho mhandisi na mhasibu hawana: yeye huijua afya ya kampuni mapema. Anajua ni wateja wangapi waliolipa mwezi wa kwanza na kutoweka wa tatu. Anajua ni mikataba mingapi iliyosainiwa kwa sababu ya ofa ya bure, na wangapi wataendelea ofa ikiisha. Kampuni changa ambayo wateja wake wanarudi kulipa bila kubembelezwa ni mahali salama kuliko kampuni kubwa iliyompa muuzaji bidhaa inayokaribia kufutwa. Kuuliza umri wa kampuni na idadi ya wafanyakazi wake hakutoshi. Ni nani anayelipa mshahara wako: mteja au mwekezaji? Swali hilo linaulizwa pande zote mbili, na waajiri wa pande zote mbili wanapaswa kulijibu.

Kuhusu mapato, mtu mwenye wazazi Kisii na wadogo zake shuleni hana haja ya kuhubiriwa juu ya raha ya kugundua mambo. Mshahara wa msingi unaoingia kila mwezi, bima ya afya inayowafikia watoto, pensheni, na hati ya malipo ambayo benki itaikubali anapoomba mkopo wa nyumba ni sababu kamili za kuhama. Ila asome mkataba kwa macho ya muuzaji. Lengo la mauzo limepangwa na nani, na aliyekuwepo kabla yake alilifikia? Kamisheni inalipwa mteja akisaini au akilipa? Wateja gani wakubwa wamekwisha kugawiwa wengine, na yeye anaachiwa nini? Nimeona inafaa kulisisitiza hili kwa sababu wauzaji hodari, wanaoweza kumbana mteja kwa shilingi ya mwisho, huingia katika mkataba wao wenyewe kwa aibu na haraka.

Pingamizi la mwisho latoka upande wa waanzilishi. Microsoft ilipofungua ofisi zake mpya Dunhill Towers, Waiyaki Way, Machi 2022, na mwezi uliofuata Google ikatangaza kituo chake cha kuunda bidhaa jijini humu, kampuni changa zililalamika kwamba haziwezi kushindana na mishahara hiyo na kwamba zinageuzwa shule za kuwafunzia matajiri wafanyakazi. Malalamiko yalihusu zaidi wahandisi, lakini yanawagusa wauzaji pia. Nayaelewa, ila sikubali kwamba dawa yake ni kumfunga mtu. Uhamaji huu si mpya wala haukuua chochote: Ory Okolloh, mmoja wa waanzilishi wa Ushahidi, alihamia Google mwanzoni mwa 2011, na Ushahidi ikaendelea. Kampuni inayoyumba kwa sababu muuzaji mmoja ameondoka iliacha uhusiano wake wote na wateja ukae kwenye simu ya mtu mmoja. Kama sababu za wateja kukataa zingeandikwa, kama mteja angejua watu wawili badala ya mmoja, kuondoka kwake kungeuma lakini kusingeangusha nyumba.

Hapo ndipo penye hatari ambayo anayehama huisahau. Orodha ya wateja aliyoijenga kwa miguu yake haimfuati. Majina na namba hizo ni data za watu, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuzibeba kwenda kwa mwajiri mpya kunaweza kuwaingiza wote wawili matatani. Kifungu cha mkataba kinachomkataza kufanya kazi kwa mshindani ni suala jingine: sheria yetu inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kukibatilisha kisipokuwa na busara kwa kutazama aina ya kazi, eneo na muda, kwa hiyo asikichukulie kama amri ya mbinguni wala asikipuuze. Na kama alilipwa sehemu ya jasho lake kwa hisa, ahesabu kodi kabla ya kuandika barua. Sheria ya Fedha ya 2023 iliruhusu wafanyakazi wa kampuni changa zinazostahiki kuahirisha kodi ya hisa walizopewa badala ya pesa, hadi miaka mitano, lakini kuacha kazi ni miongoni mwa mambo yanayoifanya kodi hiyo idaiwe ndani ya siku 30. KRA inataka shilingi, na hisa za kampuni isiyo sokoni hazina mnunuzi wa papo hapo.

Kwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, Sheria ya Ajira inataka notisi ya siku 28. Kampuni nyingi changa huzitumia kumnunia anayeondoka, au humwambia akae nyumbani. Zingetumiwa vizuri zaidi kwa kuteremka Naivasha Road hadi Kawangware pamoja na atakayemrithi, duka kwa duka, mwenye duka akabidhiwe namba mpya mbele ya mtu anayemwamini, aulizwe kile ambacho bado kinamkera kwenye mfumo, na jibu liandikwe mahali ambapo mhandisi atalisoma.